Kichwa Kiumacho na Akili Ipoteayo

Mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, aliishi Tanga miaka zaidi ya 80, na katika umri wake wa utu uzima hapakupita mwezi, tangu alipovunja ungo hata hedhi ilipokatika, pasipo yeye kujifungia chumbani siku moja au mbili, madirisha yamerudishwa, kanga imekazwa kichwani, karafuu iliyotwangwa imepakwa kwenye paji la uso, na watoto wote wa nyumba wamekatazwa kupiga kelele uani. Sisi tuliyaita maradhi yale kipandauso, jina ambalo wazee wa pwani waliyapa maumivu yashikayo aghalabu upande mmoja wa kichwa na kuuacha wa pili salama. Alipofikia miaka 76 hivi alianza kuuliza swali moja mara tatu katika kikao kimoja. Baadaye akapotea njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni, njia aliyoipita kwa miaka 50. Na mwisho akawa hamtambui binti yake wa kumzaa, bali humwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Siku ya matanga yake watu walioketi ukumbini walitoa hukumu kwa kauli moja, wakasema kuwa kile kichwa ndicho kilichomla akili.

Sikuipinga hukumu ile, kwa kuwa matangani si mahali pa mabishano, na kwa kuwa walioinena walikuwa wakubwa wangu. Lakini ilinikaa kifuani, kwa sababu katika wale walioisikia alikuwamo bintiye wa pili, mwanamke wa miaka 49, ambaye katika urithi wa mamaye alipata bangili mbili za fedha na kipandauso kile kile. Usiku, watu walipokwisha kutawanyika, alikuja akaketi karibu nami barazani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, na mimi je? Kichwa hiki kitaniachia akili zangu, au nami wanangu watakuwa wakinitajia majina yao kila asubuhi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Haya niyaandikayo ni jibu nililolikusanya baadaye, kwa kusoma na kwa kuwauliza matabibu, nami nayaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio na swali lile lile wala hawana wa kumwuliza.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika mwaka 2021 watu bilioni 3.1 hivi, yaani karibu wanadamu wawili katika kila watano, walipatwa na maradhi ya kichwa ya namna moja au nyingine, na kwamba katika mwaka huo huo watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya kupotewa na akili, ambayo matabibu huyaita dimenshia, na ambayo kila mwaka huwashika watu wapya wapatao milioni 10. Hesabu mbili hizi zikiwekwa bega kwa bega zatuonyesha neno moja kabla hatujafungua kitabu chochote: wenye kuumwa kichwa ni wengi mno kupita wenye kupotewa na akili, kwa hiyo walio wengi katika kundi la kwanza hawalifikii kundi la pili kamwe. Zatuonyesha vilevile kwa nini wale wazee matangani walihukumu walivyohukumu. Katika nyumba yoyote yenye mzee aliyesahau wanawe, mtu akitafuta nyuma ataokota kichwa kilichokuwa kikimuuma zamani, na jambo la kawaida likitangulia jambo zito, moyo wa mwanadamu ni mwepesi kulifanya la kwanza kuwa sababu ya la pili.

Wala mtu asidhani kuwa maradhi haya ni ya nchi za mbali. Kaskazini mwa Tanzania, katika vijiji vya Mbulu vilivyo karibu na hospitali ya Haydom, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawahoji watu 7,412, wakaona kuwa wanne hivi katika kila mia walikuwa na kipandauso ndani ya mwaka mmoja. Na katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walichunguzwa, ikadhihirika kuwa sita au saba katika kila mia walikuwa na dimenshia. Wengi wa wazee hao hawakuwa wamepata kuambiwa na tabibu yeyote kuwa wana maradhi. Jamaa zao waliuhesabu usahaulifu kuwa ni uzee tu.

Yafaa sasa tutenganishe mambo, kwa sababu neno "kichwa" hubeba maradhi mengi, na neno "usahaulifu" hali kadhalika. Kiko kile kichwa cha kawaida kabisa, kibanacho pande zote kama kilemba kilichokazwa mno, ambacho huja kwa uchovu, kwa mashaka ya moyo au kwa kukesha, na ambacho watu wengi hukimaliza kwa kidonge na usingizi. Kipandauso ni jambo jingine: hupiga kama ngoma, aghalabu upande mmoja, hufuatana na kichefuchefu, huufanya mwanga wa taa uwe kama msumari na sauti ya sufuria iwe kama radi, hudumu kwa muda wa saa nne hata siku tatu, huwashika wanawake mara tatu hivi kuliko wanaume, na katika nyumba nyingi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Ama dimenshia, nayo si maradhi mamoja. Kubwa katika jamii hiyo ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndani yake protini zisizotakiwa hujikusanya katika ubongo kwa muda wa miaka hata 20 kabla ya mtu kuanza kusahau. Na ya pili ni dimenshia itokanayo na mishipa ya damu, ambayo huja pale mishipa midogo ya ubongo inapoziba au kuharibika kidogo kidogo, na kila palipokosa damu pakafa. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii ya mwisho, maana sehemu kubwa ya jibu imesimama juu yake.

Kipandauso ni maradhi ya kale. Galen, tabibu wa Wayunani, aliyaita kwa neno lenye maana ya nusu ya kichwa, na neno hilo kwa kupita vinywa vingi ndilo lililogeuka kuwa jina litumiwalo leo na Wazungu. Nao matabibu walioandika kwa Kiarabu, na Ibn Sina miongoni mwao, waliyajua kwa jina la shaqiqa, ambalo nalo latokana na kupasuliwa vipande viwili. Lakini yaliyokuwa yakitendeka ndani ya fuvu hayakuanza kufahamika mpaka karne ya ishirini. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Karl Lashley, aliyekuwa na kipandauso mwenyewe, alikuwa akiona, kabla ya maumivu, doa lenye kingo za kumetameta likienea polepole mbele ya macho yake; badala ya kulala na kulalamika alichukua karatasi akalichora doa lile dakika kwa dakika, na kwa kulipima mwendo akakadiria, katika makala ya mwaka 1941, kuwa kitu fulani kilikuwa kikisafiri juu ya ubongo wake kwa mwendo wa milimita tatu kwa dakika. Miaka mitatu baadaye kijana wa Brazili, Aristides Leão, akifanya kazi katika chuo cha Harvard, alikiona kitu hicho katika ubongo wa sungura: wimbi la kuzimika kwa umeme wa ubongo, lipitalo polepole na kuacha nyuma yake ukimya wa muda. Sina budi kukiri kuwa napenda sana habari hii, ya mtu aliyeyafanya maumivu yake kuwa kipimo.

Dalili zile zitanguliazo maumivu, kama vile kumetameta kwa macho, kufa ganzi upande mmoja au ulimi kuwa mzito kwa muda, hazimpati kila mwenye kipandauso. Humpata mmoja hivi katika watatu au wanne. Mama mkubwa alikuwa nazo, kwani akisema "nimeona nyota", tulijua kuwa yambidi aende chumbani. Nazitaja kwa sababu wachunguzi waliotafuta uhusiano wa kipandauso na kupotewa na akili mara nyingi wameupata zaidi kwa watu wa namna hii kuliko kwa wale wapatwao na maumivu matupu.

Katika uchunguzi huo, ule ulionishughulisha zaidi ulifanyika Denmark, nchi ambayo huandika habari za afya za raia wake wote tangu kuzaliwa hata kufa. Watu waliozaliwa kati ya mwaka 1935 na 1956 walitazamwa katika daftari hizo. 10,465 walikuwa wametambuliwa kuwa na kipandauso katika umri wa makamo, nao wakalinganishwa na wengine zaidi ya 52,000 wasiokuwa nacho. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa wenye kipandauso walipata dimenshia uzeeni kwa kiwango kilichozidi kwa nusu, na wale wenye dalili tangulizi kwa kiwango cha mara mbili hivi, ilhali kwa wasiokuwa na dalili hizo ongezeko lilikuwa dogo, lisiloweza kutofautishwa kwa yakini na bahati. Uchunguzi uliofanywa Taiwan na mwingine wa Manitoba nchini Kanada nao ulielekea upande huo huo. Na katika jimbo la Nord-Trøndelag nchini Norway, ambako watu zaidi ya 50,000 walijibu maswali juu ya vichwa vyao katikati ya miaka ya 1990, walioumwa kichwa cha namna yoyote walionekana baadaye kuwa na hatari iliyozidi kidogo. Na neno "cha namna yoyote" ndilo la kuzingatia, kwani kama kichwa cha kawaida nacho chaleta ongezeko, basi yamkini mhusika si kipandauso chenyewe, bali ni kitu kingine kiambatanacho na kuumwa kichwa kwa jumla.

Msomaji akiishia hapo ataogopa, na kuogopa kwake kutakuwa nusu ya habari. Nchini Marekani wanawake 6,349 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walipimwa kumbukumbu zao mara kwa mara kwa miaka kadhaa, na waliokuwa na kipandauso, chenye dalili tangulizi na kisicho nazo, hawakupungukiwa upesi kuliko wenzao. Katika mji wa Baltimore jambo lilikuwa la kustaajabisha zaidi: wenye kipandauso walianza wakiwa nyuma kidogo katika majaribio ya kumbukumbu, lakini miaka 12 ilipopita walikuwa wamepoteza kidogo kuliko wasiokuwa nacho. Na huko Nantes, Ufaransa, wazee 780 walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, wakaonekana wale wenye historia ya vichwa vikali kuwa na madoa meupe mengi zaidi ndani ya ubongo, na wenye dalili tangulizi kuwa na alama za viharusi vidogo ambavyo wenyewe hawakuvijua. Walakini walipoulizwa, wakahesabishwa na kukumbushwa, akili zao zilikuwa sawa na za wenzao. Picha ilikuwa na madoa, na mwenye picha alikuwa na akili timamu.

Huenda mtu akasema: mbona wataalamu hawapatani? Kutopatana kwao kuna sababu zifahamikazo. Daftari za Denmark huandika aliyekwenda kutibiwa kichwa hospitalini, na aendaye hospitalini kwa kichwa ni yule ambaye kimemshinda. Wale wavumiliao nyumbani kwa kanga na karafuu wameachwa katika kundi la wasiokuwa na maradhi. Wanawake wa Marekani kwa upande wao walianza kupimwa kumbukumbu wakiwa tayari wamefikia miaka 65 na wangali na nguvu ya kujibu, na waliokwisha kupotewa hawakuwamo. Fauka ya hayo, mtu aliyeanza kusahau hawezi kuaminiwa akiulizwa kama alikuwa akiumwa kichwa miaka 30 iliyopita.

Nikiyapima yote, maoni yangu ni kuwa uhusiano upo, lakini ni mwembamba. Tuchukue mfano tu, usio hesabu ya mji wowote: ikiwa katika wazee mia moja wasiokuwa na kipandauso kumi watapotewa na akili, basi ongezeko la nusu, ambalo likisemwa hivyo huogofya, maana yake ni kuwa katika wazee mia moja wenye kipandauso watapotewa kumi na watano, na themanini na watano watakufa wakiwajua wajukuu wao kwa majina. Hivi ndivyo nilivyomwambia binti wa mama mkubwa, naye aliniomba nirudie ile hesabu ya themanini na watano.

Kuna familia chache, hata hivyo, ambazo kwao uhusiano huu si mwembamba hata kidogo. Katika miaka ya 1970 tabibu wa Paris aitwaye Marie-Germaine Bousser alimpokea mgonjwa aliyepatwa na kiharusi pasipo presha wala sababu nyingine ya kawaida, na alipozifuatilia habari za nduguze na wanawe kwa miaka mingi, yeye na wenzake, Elisabeth Tournier-Lasserve, Anne Joutel na Hugues Chabriat, walitambua maradhi ya ukoo yasiyopata kujulikana kwa sura hiyo, yapitayo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ambayo leo huitwa CADASIL. Aliye nayo huweza kuanza na kipandauso chenye dalili tangulizi akiwa na umri wa miaka 30 hivi, kisha katika miaka ya 40 na 50 hupatwa na viharusi vidogo kimoja baada ya kimoja, na mwisho akili humtoka kabla hajawa mzee. Mwaka 1993 walipajua mahali penye kosa, katika kromosomu ya 19, na mwaka 1996 wakaitaja jeni yenyewe, NOTCH3, ambayo ikiharibika huziharibu seli za ukuta wa mishipa midogo ya damu. Nao wanne hao walipewa mwaka 2019 tuzo kubwa ya elimu ya ubongo itolewayo Denmark. Maradhi haya ni ya nadra, na msomaji asijitafute ndani yake kwa sababu tu anaumwa kichwa. Lakini yametufundisha lililo kubwa, kwamba mahali ambapo kichwa kiumacho na akili ipoteayo hukutana kweli kweli ni katika mshipa mdogo wa damu.

Na hapo ndipo ninaporudi kwa mama mkubwa. Alipokuwa na miaka 71 alianguka uani, akapelekwa kutibiwa mkono, na mwuguzi aliyemfunga mkono akampima presha, akapima tena, kisha akamwita tabibu, kwa kuwa kipimo kilikuwa kimepanda kupita kiasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupimwa. Miaka yote ile tulikuwa tumemtazama kichwa, tukakifunga, tukakipaka, tukamuumika, tukamsomea, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuutazama mkono wake, kwa maana presha iliyopanda kwa kadiri haimuumizi mtu kichwa; hukaa kimya ndani ya mishipa kama maji yalavyo msingi wa nyumba. Siwezi kuapa kuwa presha ndiyo iliyomwondolea kumbukumbu. Lakini kama ningerudi ukumbini siku ile ya matanga na kuulizwa niishuku sababu ipi, ningeishuku hiyo kabla ya kipandauso.

Sisemi hivyo kwa dhana tupu. Kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangezuia au yangechelewesha karibu nusu ya dimenshia yote duniani, asilimia 45 hivi kwa hesabu yao: elimu ndogo utotoni, masikio mazito yasiyotibiwa, macho mabovu yasiyotibiwa, presha, lehemu mbaya katika damu, kisukari, unene, tumbaku, pombe nyingi, kukaa bila kujitaabisha mwili, huzuni ya maradhi, upweke, hewa chafu, na kuumia kichwa. Kuumia kichwa kumo. Kuumwa kichwa hakumo. Na katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2019, watu zaidi ya 9,000 wenye presha waligawanywa, nusu wakateremshwa presha chini ya 120 na nusu wakaridhiwa na 140. Wale wa kwanza walipatwa na upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa kiasi kilichopungua kwa karibu moja ya tano. Hakuna dawa ya kichwa iliyopata kuonyesha faida kama hiyo.

Kisha yako mambo ambayo hujifanya dimenshia kwa mwenye kipandauso na yasiwe dimenshia. Siku ya maumivu, na ya kutangulia, na ya kufuatia, maneno humpotea mgonjwa, hesabu za duka humkwama, naye huweka chumvi kwenye chai. Hayo huondoka pamoja na kichwa. Dawa moja itumiwayo kuzuia kipandauso, topirameti, huwafanya baadhi ya watu wakose maneno mdomoni, na wakiiacha kwa ushauri wa tabibu maneno hurudi. Nayo amitriptilini, iliyo ya siku nyingi na bei nafuu, kwa wazee huweza kutia bumbuazi, na dawa za jamii yake zikitumiwa kwa miaka mingi zimehusishwa na dimenshia katika uchunguzi kadhaa, jambo ambalo mzee au mlezi wake ana haki ya kumwuliza tabibu pasipo kuona haya. Ama vile vidonge vya kutuliza maumivu vinunuliwavyo dukani kama peremende, vikimezwa siku 15 au zaidi katika mwezi, na vile vikali vilivyochanganywa siku 10, mwezi baada ya mwezi, vyenyewe hugeuka kuwa sababu ya kichwa cha kila siku. Binti wa mama mkubwa alipohesabu alijikuta akimeza siku 20.

Lipo tena jambo ambalo nalisema kwa mkazo kuliko yote, kwa sababu ndani yake kuna watu waokolewao. Kichwa alichokijua mtu tangu ujana, kijacho na kuondoka kwa desturi yake, ni kitu kimoja. Kichwa kipya, kilichoanza baada ya miaka 50, kikafuatana na kuchanganyikiwa au kusahau kulikoingia kwa majuma machache, ni kitu kingine kabisa, nacho si cha kungojewa. Mzee aliyejigonga hata kidogo huweza kuvuja damu polepole chini ya fuvu, na baada ya majuma akaanza kuumwa kichwa, kusinzia na kusema yasiyoeleweka. Tabibu wa upasuaji akiitoa damu ile kwa tundu dogo, huenda mzee akarudi kuwa alivyokuwa. Mishipa ya panja huweza kuvimba kwa wazee, wakaona uchungu hata kuchana nywele na kutafuna mkate, na wasipopewa dawa upesi wakapofuka. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa huweza kupatwa na ukungu wa utando wa ubongo, ambao huanza kwa kichwa cha majuma na kuishia kwa kupotewa na fahamu, nao unatibika. Kaswende ya zamani iliyopanda ubongoni nayo inatibika. Na kuna jiko la mkaa lililoachwa likiwaka chumbani usiku wa baridi au wa mvua, milango ikiwa imefungwa: gesi yake isiyo na harufu huwaamsha watu na vichwa vikiuma, ikiwa huwaamsha, na wako waliopona siku ile wakaanza kusahau majuma machache baadaye. Haya yote yakiitwa uzee, mtu hupotea hali angeweza kupatikana.

Limebaki neno moja, na hili sikulipata kwa matabibu kwanza. Wachunguzi wamekwisha kuona kuwa wazee wenye dimenshia iliyokomaa hulalamika kuumwa kidogo kuliko wenzao wa umri ule ule, na zamani ilidhaniwa kuwa pengine maumivu yenyewe hupungua. Lakini ushahidi mwingi wa siku hizi waelekea kuwa maumivu yapo, ila lugha ya kuyasema ndiyo iliyoondoka. Asiyeweza kusema "kichwa chaniuma" husema kwa njia nyingine: hukataa chakula, hukunja uso, huyapiga mabega ya amvishaye, hulia magharibi ikiingia, huuficha uso kwa mwanga. Na sisi tulio na afya huyaita hayo ukorofi, au wazimu, au shetani.

Katika mwaka wake wa mwisho mama mkubwa alikuwa akipiga kelele kila alasiri, akivua kanga mabegani na kutaka kujifunga kichwani, nasi tukimvua na kumvisha sawasawa, kwa kuwa tuliona ni aibu akae kifua wazi mbele ya wageni. Ilipita miezi mitatu. Mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka 14 ambaye hakuwa akifahamu habari za uchunguzi wowote, ndiye aliyesema kuwa bibi kila akianza kulia hupeleka mkono wa kulia panjani, mahali pamoja, kila siku. Tabibu alipoelezwa akaagiza apewe kidonge chepesi cha kutuliza maumivu kwa saa maalumu na maji mengi ya kunywa. Nasi tulirudisha madirisha ya chumba kile kama zamani, tukamwacha akaze kanga yake kichwani apendavyo, na yule msichana akawa akitwanga karafuu. Kelele za alasiri zilikoma siku ya tano. Jina la mjukuu yule hakulijua hata alipokufa, lakini kila akimwona akiingia na kikombe cha karafuu alikuwa akiinamisha kichwa, upande wa kulia, ili apakwe.